Mashine ya Nne Haivuki Daraja

Saa nane mchana, jua likiwa limeelemea mabati ya mtaa wa Kikula, Inspekta Simone Kapinga alikaa kwenye kiti ambacho vijana wote wa mtaa walikuwa wamekikataa, akaanza kucheza vita.

Hakuwa mchezaji. Miaka kumi na minne ya upolisi ilimfundisha kuandika taarifa, kunusa uongo na kungoja wakubwa wamalize kucheka. Kumkimbiza askari wa rangi-rangi kwenye kioo kulimtia haya. Lakini asubuhi hiyo Estelle, mke wa Hilaire Ngoie, alikuja kituoni kwa mara ya sita, na safari hii hakuleta machozi, alileta habari. Katika ukumbi wa michezo wa Casimir, mashine ya nne, ile ambayo Hilaire alikuwa akiikalia kila Jumamosi, ilikuwa imeanza kumkataa kila mtu.

Komanda alicheka mpaka akavua miwani. Kwake yeye faili hilo lilikwisha fungwa. Hilaire alikuwa mtu mzima, karani wa miaka ishirini na tisa, aliyetoweka wiki tatu zilizopita akiwa na begi lake na kompyuta yake ya mkononi. Siku ya nne simu yake ilimwandikia mama yake kwamba yuko Kasumbalesa mpakani, amepata kazi, asitafutwe. Kwa mke wake iliandika maneno mawili tu: Usinipigie tena. Mengine mtaa uliyajaza wenyewe, kwamba kuna mwanamke, na kwamba mwanamke huyo ni mweupe na ana duka. Estelle hakuwa anaomba polisi wamrudishe mumewe. Alitaka kujua kama kweli ameachwa.

"Pita ku kijiji, mama inspecteur," alisema Casimir, mwenye ukumbi na fundi wa kompyuta, mwanamume mwembamba mwenye bisibisi nyuma ya sikio. "Kisha utaona daraja."

Simone alipita kijijini. Alifika darajani. Alipiga hatua mbili, ya tatu ikamfia. Maji ya mto kwenye kioo yalikatika vipande vya zambarau na kijani, uso wa askari mwenzake ukavutika kwenda juu mpaka ukagusa mawingu, na sauti ndani ya spika ikanasa kwenye neno moja, la Kifaransa la kumwambia mtu arudi: "Reviens... re... re... re..." Kisha kioo kikawa buluu, halafu cheusi. Ndani ya weusi ule Simone alijiona mwenyewe, na nyuma yake vijana watatu waliokuwa wameng'ang'ania fremu ya mlango. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Ni pale pale," alisema Casimir kwa sauti ya chini. "Kila muntu, kila siku, ku daraja. Banasema ni Hilaire anabakatalia njia."

"Na weye unasema nini?"

"Minye niko na masini munane. Saba zinavuka."

Jibu hilo lilimpendeza Simone. Alitoa daftari, akavuta kiti kingine, akamwambia Casimir aifanyie mashine hiyo kila kitu anachoifanyia mashine mgonjwa ya mteja, na kila hatua aiseme kwa sauti.

Walianza na mchezo wenyewe. Ulikuwa umenakiliwa kutoka diski moja kwenda mashine zote, na kwenye mashine ya tatu Simone alivuka daraja bila tabu, ingawa aliuawa ng'ambo. Wakaja kwenye joto. Casimir aliweka kiganja chini ya mashine, akasikiliza feni, akatikisa kichwa; ilikuwa baridi. Umeme je? Ukumbi mzima ulitumia kompyuta za mkononi kwa sababu ya umeme wa Likasi unaokwenda na kurudi utakavyo. Betri zilikuwa nzima. Ndipo Casimir akachomeka flashi ya USB na kuiwasha mashine upya. Skrini ya kijivu ikajitokeza, yenye namba tu.

"Hii programu inaandika kintu mu kila chumba ya mémoire," alieleza, "kisha inarudia kusoma. Kama ile inasoma haiko ile iliandika, inaonesha mustari mwekundu."

Walingoja. Dakika tano hakuna. Dakika kumi hakuna. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba mtu aliyekuwa anamenya karanga aliacha. Dakika ya kumi na mbili mstari mwekundu wa kwanza ukatokea, halafu wa pili, halafu ikawa inashuka bila kupumua, mamia, yote kutoka sehemu moja.

"Unaona? Nusu ya mbele iko muzuri," alisema Casimir, akisogeza kidole kwenye namba. "Iko na barrette mbili za mémoire. Mu kijiji mchezo hauombake mingi. Ku daraja unaita ville muzima, manyumba na bantu, mémoire inajaa, inafika mu vyumba bibovu. Inasoma bongo, kintu yenye haikuandikwa, inaanguka."

"Donc haiko Hilaire," alisema kijana wa mlangoni, kwa unyonge wa mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Casimir alifungua mgongo wa mashine. Alitoa barrette ya pili, kijibao cha kumbukumbu, akaacha ya kwanza peke yake, akapima. Safi. Akazibadilisha, na mistari myekundu ikashuka tangu dakika ya kwanza. Ili kuwa na hakika, aliipachika ile barrette kwenye mashine ya saba, ambayo haikuwahi kumsumbua mtu. Mashine ya saba ilifika darajani, ikapasua mto, ikanasa kwenye neno lile lile.

Hapo Simone alinyoosha mkono. Mzuka wa Kikula uliwekwa kwenye kiganja chake, kibao cha kijani chenye urefu wa kidole.

Alikipeleka dirishani. Pembeni palikuwa na tone la rangi ya kucha, zambarau. Hilo alilijua, mafundi wote wa Likasi huweka tone lao juu ya kila kipande kinachotoka mikononi mwao, kila mmoja na rangi yake, ili mteja asirudi kulalamikia kipande cha fundi mwingine. Zambarau ilikuwa ya Casimir. Aliiomba kwa mke wake.

"Ni yako."

"Mbele rangi haiyakauka, naandikaka herufi za client na sindano," alisema Casimir, akiinama. "Zile za hapa ndani siandikake kintu. Angalia..."

Hakuimalizia sentensi. Ndani ya tone, kwa mikwaruzo myembamba, palikuwa na H na N. Hilaire Ngoie alikuwa mteja wake pia.

Vijana walirudi nyuma hatua moja. Casimir alikaa chini polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Simone aingie alionekana kuogopa kitu chenye mwili.

"Papa Casimir," alisema Simone, "kintu ya muntu mwenye alipotea iko mu masini yako. Na siku mbili mbele ya kupotea kwake, ulimutosha hapa inje na kumuvuta shati. Bantu baliona."

"Alisema masini zangu ni za kuokota! Mbele ya bantu! Nilimutosha, ndiyo. Mais kumuua, mama inspecteur? Kama ningemuua, ningeacha jina yake mule?"

"Kuua sijafika. Weye njo unafika wa kwanza. Barrette hii ulitosha wapi?"

"Ku Jean, mu soko. Jumanne. Sikuangalia rangi, kulikuwa giza, courant ilikwenda." Alijipangusa uso. "Na usiniulize juu ya nini niliiweka ku masini ya ine. Tangu Hilaire apotee hakuna mwenye alikaa pale, nikachukua barrette yake moya kutengenesha ya sita. Kisha nikaweka hii ku nafasi yake. Ilikuwa njo masini yenye ilikosa."

Kwa hiyo hata hilo lilikuwa na sababu. Simone aliliandika, ingawa mgongo wake ulikuwa haujatulia. Kipande cha mtu kilizunguka mji mzima na kurudi kwenye kiti chake mwenyewe, na sababu haikuondoa baridi yote.

Aligeuza kibao tena kwenye mwanga. Kulikuwa na jambo la pili. Katikati ya miguu midogo ya zile chipu palikuwa na ukoko mweupe, unaometa. Aliomba sindano ya Casimir, akakwangua kidogo juu ya ncha ya kidole, akafanya kitu ambacho mwalimu wake wa chuo angemfukuzia darasani. Alikionja.

Chumvi.

Katanga haina bahari. Maji ya mito yake ni baridi, yana matope, mengine yana shaba, lakini chumvi hayana. Simone alikunja barrette kwenye karatasi, akamwambia Casimir achukue bisibisi yake waende sokoni pamoja.

Jean, muuza vipuri vya kompyuta, alikuwa na meza yake chini ya mwavuli, kati ya muuza makava ya simu na mama wa maharage. Alikuwa mnene, mchangamfu, na uchangamfu ulimwisha alipoona kitambulisho.

"Barrette hii unaiyua?"

"Naiyua. Haikuwe mubaya. Iliwaka!"

"Kuwaka haiko kubeba muzigo," alifoka Casimir. "Uliipima saa ngapi?"

"Na weye uliipima saa ngapi?"

Simone aliwaacha waoneane haya kidogo, kisha akauliza nani aliileta.

"Mama moya, Jumatatu. Alibeba laptop mu kikwembe, mu kitenge yake, sawa vile mutoto. Nilipoifungua, chumvi ikamwangika ku meza, mama inspecteur. Ile ya mbegu kubwa. Mingi! Nikajiuliza, masini hii imetoka ku mer, ku bahari?"

"Alitaka uitengeneze?"

"Hapana. Alitaka ile iko ndani. Disque ilipona. Barrette ilikuwa inagandisha, nikaweka ingine, ile nikaisafisha na essence ya motokari, nikaiweka ya kuuzisha. Laptop ikawaka. Akafungua video moya. Mwanaume anaimbia mama muzee anniversaire, siku yake ya kuzaliwa, anakosea maneno, bote banacheka." Jean alishusha sauti. "Aliiangalia mara saba. Kisha akanilomba niongeze sauti, ya mwanaume tu. Nikamwambia haiwezekane. Akafunga masini, akaenda."

"Jina?"

"Hakuacha. Alikuwa ananukia samaki ya ku lac."

Akina mama wanaouza samaki wa ziwa la Tshangalele katika soko lile wanajaza safu mbili nzima. Lakini mmoja tu kati yao alikuwa amekaa mbele ya Simone wiki tatu zilizopita na kutia sahihi chini ya maneno kwamba Hilaire alienda Kasumbalesa na kompyuta yake. Alikuwa Viviane, dada mkubwa wa Hilaire.

Njiani Simone aliipanga hesabu yake, na kila alivyoipanga ndivyo miguu yake ilivyopunguza mwendo. Simu ikilowa, wengine huizika kwenye mchele, wengine huianika juani. Mwanamke aliyekausha samaki maisha yake yote anakijua kitu kimoja cha kuvuta maji, na hawezi kufikiria kingine. Samaki wanapona kwa chumvi. Chuma kinaliwa nayo. Kompyuta ya Hilaire, basi, ilikuwa imezama majini.

Nyumba ya Viviane ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa Estelle, avenue ile ile. Viviane alimpokea kwenye chumba cha nyuma, cha kuhifadhia. Samaki walipangwa juu ya mikeka, macho wazi. Kando ya ukuta kulikuwa na beseni mbili za chumvi, na kwenye mlango wa chumba cha pili lilining'inia pazia. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anapumua kwa shida.

"Mama Eugénie, mama yenu?" aliuliza Simone.

"Eko analala. Moyo yake. Tuseme pole pole."

Simone alitoa simu yake, akatafuta namba ya Hilaire, namba ambayo polisi waliipigia mara kumi na moja bila kupokelewa, akabonyeza.

Hakuna kilicholia. Nzi mmoja alitembea juu ya jicho la samaki. Kisha, katika beseni la kulia, chumvi ilianza kutetemeka. Punje ziliruka, zikabingirika kwenda katikati, zikazama, kana kwamba kuna kitu chini yake kilichokuwa kinavuta pumzi.

Viviane alipiga magoti na kuweka viganja vyote viwili juu ya chumvi, taratibu, namna mtu anavyomtuliza mtoto asilie. Alibaki hivyo mpaka Simone alipokata simu.

"Eko wapi, mama Viviane?"

"Ku lac," alinong'ona. "Alikuya kunisaidia kubeba samaki. Ku kurudi, upepo ilipiga bwato. Balikuwa bane, batatu balitoka. Hilaire alikuwa anashika sac ya masini, hakutaka kuiachilia. Balimupata kesho yake, yeye na sac."

"Yuko kaburini?"

"Tulimuzika kule kule, siku ile balimupata. Joto ilikuwa mingi. Chef ya bavuvi iko na karatasi, na bale batatu beko, ubaulize."

"Nitabauliza. Kesho utapanda gari na minye na docteur, na kaburi itafunguliwa." Simone aliandika, kwa sababu mkono wake ulihitaji kazi. "Juu ya nini ulinyamaza?"

"Docteur alisema pigo moya tu, mama anakufwa. Nilirudi na ile sac, nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikashindwa. Alikuwa hakuli, anauliza tu Hilaire, Hilaire. Siku ya ine simu ikakauka, ikawaka; tangu pale naichajaka usiku, isikufwe. Nikaandika message moya. Mama akaisoma, akalomba chakula, bukari. Akala, mama inspecteur. Nilimuona anakula."

"Na Estelle?"

Viviane alisawazisha chumvi kwa kiganja.

"Alikuwa anapiga mara makumi ine ku siku moya. Siku zile sikuyua bado kukata sauti. Mama anasikia simu inalia mu chumvi, anauliza, nani anakuita vile? Njo nikaandika ile."

"Usinipigie tena."

"Ndiyo."

Simone alikasirika, na hakujaribu kuificha. Alikasirika kiasi kwamba ilibidi atazame samaki kwanza.

"Ulimuficha mama yako, na bibi ya mudogo yako ukamutupa inje. Wiki tatu anapita mu avenue hii, bantu banamucheka mbele ya macho. Weye unabasikia. Unauzisha samaki, unanyamaza."

"Akiyua atalia," alisema Viviane. "Akilia, mama atasikia. Ni nyumba mbili tu mukati yetu."

Simone alifukua simu kwenye chumvi, akaifunga kwenye mfuko wa ushahidi, akatoka.

Estelle alikuwa uani, anaanika nguo. Shati moja lilikuwa la kiume. Alipomwona Simone anakuja bila haraka, aliliweka chini ndani ya beseni. Simone alimwambia yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, ziwa, upepo, begi, chumvi, simu. Hakujua namna nyingine ya kuyasema.

Estelle alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja.

"Donc hakunikimbia?"

"Hapana."

"Na ile message?"

"Haikuwe yeye. Yeye alikuwa amekufwa tayari. Alikuwa anakuya ku nyumba kwako."

Estelle alikaa chini, juu ya udongo uliolowa. Alifungua kinywa, na Simone akasema haraka, "Mama Eugénie hayayua bado." Estelle aliuma ncha ya kikwembe chake. Alilia hivyo, bila sauti, mwili mzima ukitikisika, muda ambao Simone hakuupima. Nyuma ya ua mwanamke mmoja alicheka kwa jambo lake mwenyewe, na kicheko hicho kilisikika kibaya mno.

Alipomaliza, Estelle alinawa uso kwenye maji ya nguo. Alivua hereni zake. Alijifunga kikwembe kiunoni kwa nguvu, akafunika kichwa.

"Uite docteur ya mama akuye sasa," alisema.

"Tungoje afike kwanza."

"Viviane eko dada ya Hilaire. Minye niko bibi yake. Njo minye nitamwambia mama."

Alitoka barabarani. Waliokuwa wamekaa nje ya milango yao waliona hereni hazipo, wakaona kikwembe kilivyofungwa, na mmoja baada ya mwingine wakasimama. Mlangoni pake Viviane alinyoosha mikono kumzuia. Walitazamana. Kisha Viviane alishusha mikono na kusogea pembeni, Estelle akaingia, akasogeza pazia, likajifunga nyuma yake.

Simone alibaki kwenye chumba cha samaki na simu sikioni, akimwelekeza daktari njia. Nyuma ya pazia alisikia sauti ya Estelle, chini, bila kukatika. Halafu ikanyamaza. Pumzi ya shida iliendelea: moja, nyingine, nyingine.

Kisha ikasikika sauti ya mama Eugénie, dhaifu na kavu.

"Balimufunika na nini?"

Viviane aliyekuwa ameegemea ukuta alijibu kutoka upande wa huku. "Na kikwembe yangu, mama. Ile ya mupya."

"Muzuri," alisema mama. "Estelle, nishike."

Ndipo Estelle alipolia kwa sauti yake yote, kilio cha mjane, mpaka mwisho wa avenue, na majirani wakaanza kutoa viti nje.